Kilomita ya Kumi na Saba

Gari la polisi lilitumbukia kwenye shimo la kona kwa kishindo, na Koplo, aliyekuwa akiendesha, akauuma ulimi. Alilitukana shimo kwa sauti ya chini, akamwomba radhi Inspekta, halafu akalitukana tena.

"Rudi nyuma," Inspekta alimwambia. "Lipite upya."

"Nilipite upya shimo, afande?"

"Shimo hilo hilo. Kwa mwendo ule ule."

Koplo alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na mabosi wa kila namna alikwisha kuwazoea, hata huyu mwanamke mfupi asiyekunywa chai mpaka kazi iishe. Alirudi nyuma, akalipita shimo. Kishindo kilikuwa kilekile, kizito, cha kumshtua mtu aliyesinzia. Inspekta alitoa daftari, akaandika mstari mmoja, akalifunga.

"Dereva alisema alihisi kishindo kwenye kona hii. Basi hiki ndicho kishindo chake."

"Au aligonga shimo na mtu kwa pamoja," Koplo alisema.

Hilo nalo liliwezekana, na ndilo lililokuwa likimuudhi Inspekta tangu asubuhi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumatatu, saa tatu kasoro asubuhi, muuza maziwa alimkuta Mpimaji amekufa kwenye mfereji wa barabara ya chini, ile inayoufuata mto upande wa kushoto wa bonde. Baiskeli yake ilikuwa majanini, hatua tano kutoka alipolala. Mpimaji alikuwa mstaafu wa ofisi ya ardhi, miaka sitini na miwili, na chama cha waendesha baiskeli kilimpa kazi ya kuandaa kijitabu cha njia nzuri za kupita bondeni, kwa ajili ya wageni mia mbili waliotarajiwa Jumamosi. Gari moja tu kubwa lilipita kona ile asubuhi hiyo, lori la mawe. Dereva wake alikamatwa kabla ya saa sita, akaambiwa yaliyotokea, akafikiri kidogo, akakubali. "Nilihisi kishindo na sikusimama," alisema. "Kama kulikuwa na mtu pale, basi ni mimi." Mkuu wa kituo alifurahi sana. Kesi inayojimaliza yenyewe huwa haiji kila wiki.

Leo ilikuwa Alhamisi. Saa nane mchana Dereva angesomewa shitaka la kuua kwa uzembe na kukimbia. Akiyarudia mbele ya hakimu maneno yale aliyoyasema kituoni, asingelala kwake kwa miaka mingi.

Mkewe alikuwa kituoni tangu saa kumi na mbili, ameketi kwenye benchi na mfuko wenye shati safi. "Amekataa wakili," alimwambia Inspekta. "Anasema akubali tu, yaishe. Afande, yataisha vipi, na nina watoto watatu nyumbani?" Inspekta alichukua faili na picha zake, akamwita Koplo, akatoka. Saa yake ilisema saa nne kasoro robo walipofika kwenye kona.

Kepteni alikuwa amekwisha kufika, ameegemea baiskeli yake chini ya mwinuko. Alikuwa mwenyekiti wa chama, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na jina hilo alilipata kwa ajili ya filimbi aliyoivaa shingoni na kuipuliza kila mgeni akitoka kwenye mstari. Kaptura yake ilimbana kiasi kwamba Koplo aliamua kutazama mto.

Inspekta alimpa picha iliyopigwa na askari wa kwanza kufika. "Niambie unaona nini."

"Naona baiskeli ya rafiki yangu."

"Itazame kama baiskeli ya mtu usiyemjua."

Kepteni aliisogeza picha karibu na macho. Kisha akauliza, "Nani kailaza hivi?"

"Hakuna aliyeilaza. Imeanguka."

"Hii haijaanguka, afande. Mnyororo uko juu. Sisi tukiweka baiskeli chini, tunailaza upande usio na mnyororo, ili mkono wa gia usipinde na mchanga usiingie. Hata ukiwa na haraka ya kwenda chooni. Hufikirii, mkono wenyewe unafanya."

"Inaweza kuangukia upande huo kwa bahati."

"Inaweza." Kepteni alisita. "Lakini mmeandika alikuwa anaupanda mwinuko huu, sivyo? Anatoka darajani?"

"Ndivyo tulivyoandika."

"Kwa gia hii?" Alipiga picha kwa ukucha. "Mnyororo uko kwenye duara dogo kuliko yote la nyuma. Hiyo ndiyo gia nzito kabisa, ya kushukia. Kupanda hapa kwa gia hiyo, mimi ningeshuka nisukume. Na yeye alikuwa na goti bovu."

"Kwa nini basi mnyororo uwe hapo?"

"Labda alitaka kutoa gurudumu la nyuma. Mnyororo ukiwa pale linatoka kirahisi."

"Na gurudumu mnalitoa lini?"

"Tairi likipasuka. Au tukitaka kuiingiza baiskeli kwenye..." Kepteni alikuwa ameelewa anachokisema nusu sekunde baada ya kukisema.

"Kwenye gari," Inspekta alimmalizia. "Gari lenu la kubebea baiskeli huliendesha nani?"

"Mimi."

Koplo aliacha kutazama mto. Alimsogelea Kepteni taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayepita tu. "Tumesikia Jumapili kwenye mkutano wewe na marehemu mlipandishiana sauti."

"Tulitofautiana. Mimi nilitaka kijitabu kianze na barabara hii ya chini. Karibu yote ni tambarare, ina kivuli, mtu anakuja na mkewe na watoto. Yeye akang'ang'ania barabara ya juu, ile ya ng'ambo, eti huko ndiko mto unaonekana wote. Nikamwambia barabara ile itaua mtu. Akaniita mwoga mbele ya wanachama."

"Barabara ile itaua mtu," Koplo alirudia polepole. "Ni maneno yako hayo?"

"Ni maneno ya mtu yeyote aliyewahi kushuka mteremko ule!"

"Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Nani alikuona?"

"Mtu anayelala peke yake ataonwa na nani, Koplo?"

Inspekta aliingilia kati. "Gari la chama hulala wapi?"

"Uani kwa Fundi, anayetutengenezea baiskeli. Ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana. Kila mwanachama anaujua msumari huo."

Koplo alimvuta Inspekta pembeni. "Afande, gari analo, ugomvi upo, mashahidi hana. Nimtie pingu?"

"Bado." Alimgeukia Kepteni tena. "Marehemu alizipimaje hizi njia zake?"

"Kwa chaki." Kepteni alijifuta uso kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyefiwa. "Kila kilomita alisimama, akaandika namba ukingoni mwa lami, na tarehe chini yake. Palipo na mandhari ya kutazama alichora jicho. Miaka thelathini ofisi ya ardhi, hakuamini kitu mpaka akiandike. Ukisafiri naye unatamani kumtupa mtoni."

"Kila kilomita? Hakuruka hata moja?"

"Angeruka kula kwanza."

Inspekta aliiacha kona, akatembea ukingoni mwa barabara kuelekea darajani, kichwa chini. Alikwenda kilomita nzima na kurudi, Koplo akimfuata kwa gari kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Lami ilikuwa safi. Mvua haikunyesha tangu wiki iliyopita. Hakukuwa na namba, tarehe wala jicho.

"Hakuwa akipima huku," alisema aliporudi, na wote watatu wakatazama ng'ambo ya mto, ambako barabara ya juu ilionekana ikijikunja kwenye ubavu wa kilima.

Alimwambia Kepteni aende kituoni akaandike maelezo. Koplo alinong'ona kwamba atatoroka.

"Kwa baiskeli?" Inspekta alimuuliza, akaingia garini.

Namba moja waliikuta mita chache baada ya daraja, imeandikwa kwa mkono wa mtu aliyejua mistari, na chini yake tarehe ya Jumatatu. Hakuna askari aliyevuka daraja siku zote tatu. Maiti alikuwa upande huu, lori lilipita upande huu, mkosaji amekubali, ng'ambo wangefuata nini? Inspekta hakumlaumu Koplo kwa mdomo. Koplo alijilaumu mwenyewe, kwa kusoma kila namba kwa sauti ya juu.

"Mbili. Tatu hii hapa, afande, na jicho."

Kwenye tatu palikuwa na kinu cha zamani cha kusagia nafaka kwa maji, na gurudumu lake la mbao lililooza nusu majini. Kwenye sita barabara ilipita katikati ya matete marefu na ndege weupe wakaruka. Kuanzia kumi ilianza kupanda, na bonde likafunguka: mashamba ya mraba, mapaa ya mabati, mto ukizunguka kila kitu bila haraka. Inspekta alikiri moyoni kwamba Mpimaji alikuwa sahihi, na Kepteni naye alikuwa sahihi. Upande wa mto hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu isipokuwa kiukuta cha mawe kinachofika magotini.

"Kumi na saba," Koplo alisoma. "Macho mawili, afande. Hapa alifurahi."

Walikuwa kileleni. Mbele yao barabara ilishuka ghafla kwa kona tatu. Walishuka nayo hadi kwenye tambarare, Koplo akitazama kipimo cha gari. Kilomita moja ikatimia. Akaenda nusu nyingine, kisha mbili.

"Kumi na nane haipo," alisema.

Hakusema kwa sauti ya juu safari hii. Waliliacha gari na kupanda mteremko kwa miguu, kila mmoja upande wake. Kwenye kona ya pili Inspekta alisimama. Barabara nzima ilikuwa na vumbi la kijivu la kawaida, lakini hapa, karibu na kiukuta, palikuwa na mchanga mweupe wa mtoni, umemwagwa na kusambazwa kwa mguu. Koplo, akihema, alichuchumaa na kuukwangua kwa kipande cha jiwe. Chini yake lami ilikuwa na doa jeusi pana kuliko sahani. Jiwe la juu la kiukuta lilikuwa limechubuka upya.

"Amefia hapa," Koplo alisema.

"Amefia hapa. Akabebwa." Inspekta alikuwa amepiga magoti na kuchambua majani yaliyoota kwenye nyufa za ukuta. Ilimchukua dakika kumi. Alichokiinua kilikuwa kipande cha bolti, urefu wa kidole gumba, kimekatika katikati. Palipokatika palikuwa na kutu nusu, na nusu nyingine palimeremeta. Kichwani kilikuwa na kidoa chekundu.

"Damu," alisema Koplo.

Inspekta alikikwangua kwa ukucha. "Rangi."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

Karakana ya Fundi ilikuwa mtaa wa nyuma ya kituo, mlango wa mabati umefunguliwa nusu. Ndani palinukia mafuta na mpira. Baiskeli zaidi ya arobaini zilining'inia kwenye ndoano kwa gurudumu la mbele, kila moja na kikaratasi cha jina la mgeni, na gari jeupe la chama lilionekana uani kupitia dirisha. Fundi alikuwa akinyoosha rimu. Mjane wa Mpimaji alikuwa dada yake wa tumbo moja, na Inspekta hakutarajia kumkuta kazini.

"Pole kwa msiba. Nilidhani uko kwa dada."

"Tumeshapoa, afande. Dada ana watu wengi kule. Na hawa wageni wameshaanza safari, siwezi kuwaambia warudi."

"Sitakuchelewesha. Nimekuja kuazima utaalamu wako tu." Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nje, kabla ya kuingia, alikuwa amemnong'oneza Koplo akaichukue baiskeli ya marehemu kwenye stoo ya vielelezo. "Baiskeli ya shemeji yako uliishika lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita. Nilimbadilishia breki za nyuma."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijaigusa. Alikuwa anaiosha mwenyewe, anaipenda kuliko dada." Alicheka kidogo, akaacha.

Inspekta aliweka kipande cha bolti juu ya meza ya kazi. "Hiki ni nini?"

Fundi alikitazama. Hakunyoosha mkono. Fundi aliyewekewa chuma mbele yake na asikishike, Inspekta aliwaza, ni sawa na mpishi asiyeonja.

"Bolti iliyokatika. Yaweza kuwa ya kitanda. Ya geti."

"Ya baiskeli?"

"Zinafanana zote."

Hakumbishia. Alinyanyuka, akaanza kutembea katikati ya baiskeli zilizoning'inia, akizigusa moja moja kama mnunuzi. Alikwisha kupita ya nne alipoiona. Kwenye kila bolti, ya kiti, ya breki, ya usukani, palikuwa na nukta nyekundu, ndogo, ya kung'aa.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida. "Na mapambo haya?"

Uso wa Fundi ulifunguka kwa mara ya kwanza. "Si mapambo hayo, afande. Hiyo ndiyo kazi yangu. Bolti nikiikaza, naitia nukta. Rangi ya kucha ya mke wangu, maji hayaitoi, mafuta hayaitoi. Ananigombeza kila mwezi. Isiyo na nukta, ujue haijakazwa. Miaka kumi na tisa, hakuna baiskeli iliyorudishwa hapa kwa kulegea."

"Kuna fundi mwingine bondeni anayefanya hivi?"

"Nani ana subira hiyo?" alisema kwa majivuno, na baada ya kusema akabaki ameshika rimu, haikazi wala haiachii.

Koplo aliingia akiisukuma baiskeli ya Mpimaji, ya zamani, fremu ya chuma iliyochubuka. Inspekta alichutama mbele yake kwa dakika nzima, na saa ya ukutani ikasikika.

"Breki ya nyuma," alisema. "Ina nukta, imefifia. Breki ya mbele, imefifia. Kiti, imefifia na ina tope. Sasa hii hapa shingoni, bolti inayoushika usukani. Njoo utazame, Koplo. Unaonaje?"

"Mpya, afande. Inawaka."

"Mpya. Na bolti yenyewe mpya, katika baiskeli ambayo haijaguswa tangu mwezi uliopita." Alikichukua kile kipande mezani, akakigeuza kichwa juu na kukiweka sambamba. Kidoa kilikuwa cha rangi ile ile, kimechubuka kidogo. "Na kitanda hiki kilipigwa nukta na nani?"

Fundi alitafuta pa kukaa, akakuta ndoo iliyofunikwa, akakaa.

"Ungeiacha hii mpya bila nukta," Inspekta alimwambia, "nisingekuwa na la kukuuliza."

"Siwezi," Fundi alisema. "Bolti nikishaikaza siwezi kuiacha hivihivi. Hata sikufikiri, afande."

"Ilikuwaje?"

Ilitoka vipande vipande. Ijumaa Mpimaji alimletea baiskeli na kulalamika kuwa usukani unacheza. Bolti ilikuwa imeanza kuliwa na kutu. Mpya za saizi ile zilikuwa hazijafika. Fundi aliikaza ile ile, kwa nguvu, akamwambia shemeji itafika Jumanne, mpaka hapo usishuke mlima. Shemeji alicheka. Walikubaliana kuwa Jumatatu Fundi amfuate na gari, amchukue mwisho wa njia, kilomita ya ishirini na nne. Alisubiri, hakuona mtu, akarudi nyuma kumtafuta, akamkuta kwenye kona ya pili. Hakuwa akipumua. Usukani ulikuwa umegeuka upande.

"Nikaiona bolti. Sehemu iliyobaki ndani. Nikajua ni mimi."

"Ungepiga simu."

"Jumamosi wanakuja watu mia mbili. Nani angempa baiskeli yake fundi aliyemuua shemeji yake?" Alizitazama baiskeli zake. "Na dada. Ningemwambia nini dada?"

"Ukamlaza garini."

"Nikamlaza vizuri. Nikamnyoosha. Baiskeli ikawa haienei, nikatoa gurudumu. Kwenye boksi la vifaa nilikuwa na bolti moja ndefu kidogo, nikaifungia pale pale. Nikachota mchanga mtoni, nikausambaza."

Koplo alishindwa kuvumilia. "Ulikuwa na bolti?"

"Ndefu kidogo," Fundi alirudia. "Ingechomoza. Isingependeza."

Inspekta aliwahi kusikia mengi ndani ya vyumba vidogo, lakini hilo lilimfanya atazame chini kabla ya kuendelea. "Kwa nini kona ile ya barabara ya chini?"

"Malori yanapita pale."

"Kwa hiyo ulijua mtu atakamatwa."

"Hapana! Nilidhani mtaandika lori lisilojulikana, mfunge faili. Halafu nikasikia mmempata mtu." Alifuta mikono kwenye suruali. "Halafu nikasikia amekubali. Afande, alikubali mwenyewe. Nikajiambia, kama mwenyewe anakubali, labda... labda siku moja na yeye alimgonga mtu mahali."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka, akaeleza kwa sentensi nne. Jibu lilikuja kavu: kesi ya Dereva ilikuwa ya kwanza, faili liko mezani kwa hakimu, maneno ya simu hayatoshi. "Mlete huyo mtu hapa. Mshitakiwa akishakiri, kulifumua hilo ni kazi ya miezi, na yeye atakuwa ndani."

Mahakama ilikuwa mji wa pili, ng'ambo ya bonde. Koplo aliendesha kwa kasi. Fundi alikaa nyuma kati ya mlango na Inspekta, pingu mkononi, na mara mbili alisema, "Mwacheni dada asikie kwangu." Kwenye daraja walikwama nyuma ya trekta lenye tela la majani. Koplo alipiga honi mpaka mwenye trekta akashuka kuja kugomba. Alipoona sare alirudi mbio, lakini dakika sita zilikuwa zimekwenda. Inspekta hakuwa mtu wa kusali hovyo. Alisali.

Waliingia chumba cha mahakama saa nane na dakika saba. Karani alikuwa amemaliza kusoma. Dereva alikuwa amesimama kizimbani ndani ya shati safi, mtu mkubwa mwenye mabega ya kubeba mawe, amejikunja kama anayetaka kuchukua nafasi ndogo. Mkewe alikuwa benchi ya mbele.

"Umelisikia shitaka," hakimu alisema. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Mheshimiwa hakimu!" Sauti ya Inspekta ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wote waligeuka. Hakimu alivua miwani, tayari kumfokea, lakini mwendesha mashtaka alikwisha kusimama, akiomba ruhusa, akiomba jibu lisiandikwe, akiomba dakika mbili tu. Karani aliinua kalamu na kuishikilia hewani. Hakimu alimtazama Inspekta, akamtazama mtu mwenye pingu aliyekuwa pembeni yake, mikono myeusi kwa mafuta.

"Huyo ni nani?"

Inspekta alimsukuma Fundi mbele kidogo. "Sema."

Fundi hakumwelekea hakimu. Alimtazama Dereva. "Hukumgonga, bwana," alisema. "Hakuwa kwenye njia yako kabisa. Alifia ng'ambo, bolti yangu ilikatika. Mimi ndiye niliyemleta pale."

Mke wa Dereva alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akaanza kulia bila sauti. Inspekta alingoja Dereva afurahi, au hata akasirike. Dereva alishika ubao wa kizimba na kumkazia Fundi macho kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka wamewahi kukutana wapi.

"Siku tatu namwomba msamaha yule mzee," alisema hatimaye, taratibu. "Silali. Nikifumba macho namwona, namwomba msamaha. Nimemwambia watoto wangu watawasaidia wa kwake nikiwa ndani." Alimwinamia Fundi juu ya ubao. "Wewe, siku zote hizo, ulikuwa unamwambia nini?"

Fundi alifungua mdomo. Hakimu alisubiri, na karani, na mwendesha mashtaka aliyesimama na karatasi zake mkononi. Mwishowe Inspekta alimshika mkono na kumketisha.